Kabla ya Kuchora Atomu, Hesabu Kwanza

Mwambie mwanafunzi yeyote achore atomu. Atachora duara dogo katikati, atalijaza alama za kujumlisha, kisha atalizungushia miduara mitatu minne yenye nukta. Hachukui hata dakika, na anafanya kwa kujiamini kabisa. Sasa muulize: nani aliyewahi kuiona ikiwa hivyo?

Nimefundisha muundo wa atomu na unururifu, yaani kuvunjika kwa viini vya atomu na kutoa mionzi, kwa miaka mingi, na jambo moja limenikaa kichwani kuliko mengine yote. Mchoro ndio unaowaponza wanafunzi, kuhesabu ndiko kunakowaokoa. Sizungumzii kanuni ndefu zenye herufi za Kigiriki. Nazungumzia kuhesabu kwenyewe, moja, mbili, tatu. Karibu kila tunachokijua kuhusu kiini cha atomu kilipatikana kwa sababu mtu alikaa mahali akahesabu mambo madogo yaliyokuwa yakitokea mbele yake: mimweko ya mwanga, milio ya kifaa, njia za ukungu. Mwanafunzi anayeanzia kwenye mchoro huishia kuuamini. Anayeanzia kwenye hesabu huelewa kwa nini mchoro ulichorwa vile, na hugundua mahali unapodanganya.

Ndiyo maana naingia darasani na kaunta ya Geiger, kifaa kinacholia kila kinapopigwa na mionzi, kabla sijaandika neno lolote ubaoni. Naiweka mezani, naiwasha, na siweki chanzo chochote cha mionzi karibu nayo. Inalia. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya kirefu. Tik. Hapo huwa kuna anayeuliza, "Mwalimu, mbona hakuna kitu lakini inalia?"

Siwajibu upesi. Nawagawa katika makundi, kila kundi lihesabu milio kwa dakika moja na kuandika, kisha lirudie. Kundi moja liliniletea 23, 17, 28, 21, 31. Kijana mmoja wa mstari wa mbele, mtu wa kupenda majibu yanayolingana, akaniambia kifaa ni kibovu. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Ukipima urefu wa meza mara tano, unapata karibu namba ile ile mara tano, na isipokuwa hivyo unatupa rula. Kwa nini basi tukiamini kifaa kinachotoa 17 sasa na 31 muda mfupi baadaye?

Nikamwambia aendelee kukusanya dakika, akusanye na za makundi mengine, kisha achore grafu ya mara ngapi kila namba ilijitokeza. Alipomaliza, kilima kilikuwa kimejitokeza kwenye karatasi, kilele chake karibu na 24, kikishuka pande zote mbili. Namba moja moja huwezi kuitabiri. Kundi lote la namba unaweza, tena vizuri. Hapo ndipo nilipompa kanuni ambayo kwa maoni yangu ingestahili kufundishwa mwanzo kabisa wa mada hii: ukihesabu matukio ya kubahatisha ukapata idadi fulani, tegemea kuyumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Ukipata 25, kuyumba kwa 5 ni jambo la kawaida. Ukipata 100, ni 10. Ukipata 10,000, ni 100, yaani asilimia 1 tu. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasema kweli kuhusu kitu chenye tabia ya kubahatisha.

Milio yenyewe inatoka wapi? Mingine ni ya miamba na kuta, ambamo mna chembechembe za urani na thoriamu. Mingine ni ya gesi ya radoni iliyomo hewani. Mingine inashuka kutoka angani, mionzi ya anga za mbali inayopiga angahewa bila kukoma. Wastani wa dunia wa mionzi hii ya asili ni kama milisiverti 2.4 (kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili) kwa mtu kwa mwaka, na sehemu kubwa zaidi ya hizo inatokana na radoni. Na mingine inatoka mwilini mwetu wenyewe. Kati ya kila atomu 100,000 za potasiamu, takriban 12 ni za potasiamu-40, ambayo ni nururifu, na mwili hauwezi kuishi bila potasiamu. Ndani ya mtu mzima wa kilo 70 viini zaidi ya 4,000 vya potasiamu-40 vinavunjika kila sekunde. Nikisema hivyo, wanaokaa dawati moja huanza kusogea mbali na wenzao. Nawaacha wacheke, maana ni vigumu kumtisha kwa neno "mionzi" mtu aliyekwisha kuelewa kwamba yeye mwenyewe anaitoa.

Masikio yao yakishazoea milio, ndipo nawapeleka Manchester ya mwaka 1909. Katika maabara ya Ernest Rutherford walikuwepo Hans Geiger, huyu huyu ambaye jina lake limebaki kwenye kaunta, na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20. Kaunta kama ya kwetu haikuwepo. Walikaa gizani kwanza mpaka macho yazoee, kisha wakachungulia kwa hadubini kwenye kipande kidogo cha kioo kilichopakwa zinki salfaidi. Walikuwa wakirusha chembe za alfa, chembe zenye chaji chanya zinazotoka kwenye vitu nururifu, kwenye bamba za metali ili waone zinaelekea wapi. Chembe ya alfa ikigonga pale kwenye kioo, mmweko hafifu unatokea na kupotea. Unahesabu. Macho yakichoka unampisha mwenzako. Mpaka kufika 1913 walikuwa wamehesabu mimweko zaidi ya 100,000. Huwa nawaambia wanafunzi wafanye hesabu ya haraka: kwa mimweko 30 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya saa 55 za jicho kubandikwa kwenye hadubini, bila kuhesabu mapumziko. Kitabu cha shule kinayafupisha hayo yote kwa sentensi moja, "chembe nyingi zilipita moja kwa moja na chache zilirudi nyuma," na mwanafunzi anaikariri bila kujua aliyeipata alichoka kiasi gani.

Hizo "chache" ni ngapi? Kwenye bamba la platini walikuta takriban chembe 1 kati ya 8,000 inarudi upande ilikotokea. Wanafunzi wengi husikia 1 kati ya 8,000 wakadhani ni kiasi cha kupuuzwa. Hapa huwa natulia, kwa sababu kiini kilitokana na hiyo moja.

J. J. Thomson alikuwa amegundua elektroni mwaka 1897. Kwa kuwa atomu nzima haina chaji, alipendekeza kwamba chaji chanya imetandazwa ndani ya atomu yote na elektroni zimetapakaa humo. Sasa ipige atomu ya namna hiyo kwa chembe ya alfa. Alfa ni nzito kuliko elektroni karibu mara 7,300. Elektroni haiwezi kuirudisha nyuma alfa, labda iyumbishe njia yake kidogo mno. Na chaji chanya ikiwa imetandazwa, hakuna mahali popote ndani ya atomu ambapo msukumo unakuwa mkali wa kutosha. Kwa atomu ya Thomson, idadi ya alfa zinazorudi ingepaswa kuwa sifuri. Wao walihesabu, haikuwa sifuri.

Mwaka 1911 Rutherford alitoa hitimisho: chaji yote chanya, pamoja na karibu uzito wote, imekaa mahali padogo sana katikati. Ni padogo kiasi gani? Swali hili wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kulijibu wenyewe, na nawashauri wasilikwepe. Chukua alfa yenye nishati ya elektronivolti milioni 7.7, ielekeze usoni kabisa kwa kiini cha dhahabu chenye protoni 79, yaani chembe 79 zenye chaji chanya. Inapokaribia inapunguza mwendo, kwa sababu chanya inasukuma chanya, mpaka inasimama kabla ya kurudi. Pale inaposimama, nishati yote ya mwendo imegeuka kuwa nishati ya uwezo wa umeme. Linganisha hizo mbili, tafuta umbali, utapata kama 3 × 10⁻¹⁴ ya mita. Atomu yenyewe ya dhahabu ina upana wa karibu 3 × 10⁻¹⁰ ya mita. Alfa imepenya hadi sehemu ya elfu kumi ya upana wa atomu na bado inakutana na chaji yote ikiwa mbele yake, kwa hiyo kiini ni kidogo kuliko hapo. Hakuna aliyekiona. Kilikokotolewa.

Nikifika hapo ndipo naruhusu mchoro, tena kwa masharti. Chora kiini cha dhahabu kama nukta ya milimita 1. Mpaka wa atomu utakuwa kwenye duara la upana wa karibu mita 20, nje ya ubao, nje ya darasa. Kila mchoro wa daftarini umevunja kipimo hiki, hakuna namna nyingine. Na miduara ile ya elektroni nayo ina historia yake. Niels Bohr aliitumia mwaka 1913 kueleza rangi za mwanga wa haidrojeni, na ilifanya kazi vizuri kwa haidrojeni. Fizikia ya baadaye iliiacha, ikazungumzia uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani, si reli ambayo elektroni inapita. Hata hivyo, mtihani ukitaka miduara, chora miduara. Usigombane na msahihishaji.

Protoni, nyutroni na isotopu (atomu za elementi moja zenye idadi tofauti ya nyutroni) sikawii nazo. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina. Ukibadilisha protoni moja umebadilisha elementi. Nyutroni, iliyothibitishwa na James Chadwick mwaka 1932, inaongeza uzito bila kuongeza chaji, kwa hiyo kaboni-12 na kaboni-14 zinaungua sawasawa na kukaa sehemu moja kwenye jedwali la elementi. Swali zuri ambalo wachache hulifikia ni hili: protoni 79 zinazosukumana zinakaaje pamoja kwenye nafasi ndogo namna ile? Kuna nguvu nyingine, nguvu kali ya nyuklia, inayozifunga protoni na nyutroni kwa uimara mkubwa, lakini haifiki mbali. Inashika majirani wa karibu tu. Msukumo wa umeme wenyewe unafika kiini kizima. Kiini kikizidi kuwa kikubwa, wanaosukumana wanaongezeka kuliko wanaoshikana, na baada ya elementi ya risasi, yenye protoni 82, hakuna kiini kinachodumu milele.

Unururifu wenyewe nilikuwa nauanza kwa Henri Becquerel na bamba zake za picha za mwaka 1896. Hadithi nzuri, inapendwa. Siku hizi naipitia haraka, muda wangu nampa Marie Curie, kwa sababu yeye ndiye aliyegeuza jambo lile kuwa namba.

Urani hufanya hewa iliyo karibu nayo ipitishe umeme kidogo. Pierre Curie na kaka yake Jacques walikuwa wametengeneza kifaa cha kupima mkondo mdogo kabisa wa umeme kwa kutumia fuwele ya kwatzi, na Marie akakitumia kupima madini moja baada ya jingine. Alikuta nguvu ya mionzi inafuata kiasi cha urani kilichomo, basi. Iwe imeungana na nini, iwe kavu au imeyeyushwa, haijalishi. Hilo peke yake ni somo kubwa, kwa sababu kemia ni mambo ya elektroni za nje. Kitu ambacho kemia haiwezi kukigusa hakitokani na elektroni za nje. Mwanafunzi anayeandika kwamba kupasha joto kunaharakisha kuvunjika kwa kiini hajakutana na jambo hili.

Kisha akapima jiwe la madini ya urani liitwalo pichiblendi, likatoa mionzi mingi kuliko urani tupu. Namba ilikuwa kubwa mno. Yule kijana wangu wa mstari wa mbele angesema kifaa kibovu, na Marie naye alilifikiria hilo kwa umakini, maana alifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote katika historia hii. Kulikuwa na madini mengine ya urani, kalkoliti, nayo yakitoa mionzi kupita kiasi. Akatengeneza kalkoliti maabarani kutokana na kemikali safi, yenye viambato vile vile. Ya kutengeneza ilitoa kiasi cha kawaida tu. Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima, na jiwe la asili lilikuwa limeficha kitu ambacho hakikuwemo kwenye kanuni yake ya kemia. Mwaka 1898 yeye na Pierre walitangaza poloniamu, na kabla mwaka haujaisha wakatangaza radiamu. Darasani nalisimulia jaribio hili polepole, kwa sababu linaonyesha mtu mwenye akili anafanya nini akipata namba isiyolingana na matarajio yake.

Alfa, beta na gamma hazihitaji maneno mengi. Alfa ni kiini cha heliamu, protoni mbili na nyutroni mbili, inazuiwa na karatasi na haivuki sentimita chache za hewa. Beta ni elektroni yenye kasi, milimita chache za alumini zinatosha. Gamma ni mwanga wenye nishati kubwa. Risasi nene inaipunguza, haiimalizi. Neno "inapunguza" lina alama zake kwenye mtihani.

Kinachowakwamisha wengi ni beta. "Mwalimu, umesema kwenye kiini kuna protoni na nyutroni tu. Hiyo elektroni imetoka wapi?" Anayeuliza hivyo nampongeza mbele ya wenzake. Elektroni haikuwemo ikisubiri kutoka. Nyutroni inageuka kuwa protoni, na katika kugeuka huko elektroni inazaliwa na kuruka nje, pamoja na chembe nyingine nyepesi sana, antinyutrino, ambayo karibu haigusi kitu. Ndiyo sababu namba ya uzito haibadiliki na namba ya protoni inapanda kwa moja: thoriamu-234 inakuwa protaktiniamu-234.

Badala ya kuwapa milinganyo kumi ya kujaza, nawapa fumbo moja. Urani-238 yenye protoni 92 inavunjika hatua kwa hatua mpaka inakuwa risasi-206 yenye protoni 82. Imetoa alfa ngapi na beta ngapi? Hawana jedwali la hatua zenyewe na hawalihitaji. Uzito umeshuka kwa 32, na ni alfa pekee inayopunguza uzito, 4 kila moja, kwa hiyo alfa 8. Alfa 8 zinaondoa protoni 16, zingebaki 76. Lakini risasi ina 82. Zilizorudi 6 zimeletwa na beta 6. Nimeona wanafunzi waliokuwa wakisinzia wakiinua vichwa kwenye fumbo hili, kwa sababu kumbe kujumlisha na kutoa kunatosha kufuatilia jambo linalochukua mabilioni ya miaka.

Nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya viini vilivyopo huvunjika, ndiyo sehemu ambayo alama nyingi hupotea, na kwa maoni yangu zinapotea kabla mwanafunzi hajashika kikokotoo. Anadhani nusu ikiisha kwa siku 8, nusu iliyobaki nayo itakwisha kwa siku 8 nyingine, mambo yameisha. Maelezo hayasaidii sana hapo. Dadu ndizo zinazosaidia. Chukua dadu 100, zirushe zote, ondoa kila iliyoonyesha sita, hesabu zilizobaki, rusha tena. Kwa wastani zinabaki kama 83, kisha 69, 58, 48. Nusu inafika kati ya mrusho wa tatu na wa nne. Endelea. Robo inafika baada ya muda kama ule ule. Zikibaki chache, mambo yanakuwa ya vituko: mrusho mzima unapita bila sita hata moja, halafu zinatoka tatu kwa mpigo. Na daima kuna dadu moja sugu ambayo darasa linaanza kuishangilia.

Hiyo dadu sugu naitumia kuuliza swali. Imerushwa mara nyingi bila kutoa sita. Je, sasa imekaribia? Darasa hugawanyika. Wanaosema ndiyo hutoa sababu za kuvutia, lakini dadu haina kumbukumbu, na kiini pia hakina. Kiini cha urani kilichokaa miaka bilioni 4 hakijazeeka. Uwezekano wake wa kuvunjika katika sekunde ijayo ni sawasawa na ulivyokuwa siku kilipoundwa. Nusumaisha ya urani-238, miaka bilioni 4.47, ni habari ya umati wa viini, haisemi lolote kuhusu kiini fulani kitavunjika lini. Hicho ndicho kilichokuwa kikisikika kwenye kaunta siku ya kwanza, tik, kimya, tik.

Kuna mtego mwingine kwenye nusumaisha, nao ni wa maabara: milio ile ya mazingira isipotolewa. Kaunta inasoma 420 kwa dakika, na mazingira yenyewe ni 20. Baada ya nusumaisha moja kaunta itasoma ngapi? Wengi wanajibu 210. Chanzo kilikuwa kinatoa 400. Nusu ni 200. Ongeza 20 ya mazingira ambayo haijaenda popote, kaunta inasoma 220. Kisha 120. Kisha 70. Aliyeanza mada kwa kuhesabu milio ya meza tupu hasahau 20 hiyo, kwa sababu aliihesabu mwenyewe. Tukiwa na protaktiniamu-234m, yaani protaktiniamu-234 ambayo kiini chake kina nishati ya ziada na nusumaisha yake ni kama sekunde 70, tunaweza kuliona jambo zima ndani ya kipindi kimoja, na grafu inayopatikana inateremka na kutulia kwenye milio ya mazingira. Haifiki sifuri.

Hofu nayo ina nafasi yake. Kila nikitoa chanzo kwenye kisanduku cha risasi, nakishika kwa koleo, nakielekeza mbali na watu, na nakirudisha mara kazi inapokwisha. Hayo hayana mjadala. Ila wapo wanaoogopa kugusa meza baada ya chanzo kuondolewa. Hapo kuna mambo mawili yanayochanganywa. Kupigwa na mionzi si sawa na kubeba kitu kinachotoa mionzi. Bomba za sindano zinazosafishwa viwandani kwa gamma ya kobalti-60 hazitoki zikiwa nururifu. Gamma imepita, imeua vijidudu, imekwisha. Hatari ya aina nyingine ni chembe nururifu zenyewe kuingia mwilini. Wafanyakazi wa Marekani waliopaka rangi yenye radiamu kwenye saa, miaka ya 1910 na 1920, walikuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo. Alfa ambayo ngozi ya nje ingeizuia ilikuwa sasa inatoka ndani ya mifupa yao, maana mwili huichukulia radiamu kama kalsiamu. Wengi waliugua taya, wengine walikufa. Hospitalini, kwa kinyume, daktari anachagua kwa makusudi tekneti-99m: nusumaisha saa 6, inatoa gamma inayotoka nje ya mwili ikaonekana na kamera, na kesho yake karibu yote imekwisha. Ukielewa mifano hii miwili huhitaji kukariri orodha ya "faida na hasara za mionzi," orodha ambayo sijawahi kuipenda.

Fumbo la mwisho ninalowapa linatoka Gabon. Mwaka 1972 nchini Ufaransa, wataalamu waliokuwa wakikagua urani walikuta sampuli yenye urani-235 asilimia 0.717. Kila mahali duniani ni 0.720. Safari hii namba ilikuwa ndogo mno, tena kwa tofauti ambayo wengi wetu tungeikadiria tukaendelea na kazi. Waliifuatilia mpaka kwenye mgodi wa Oklo, na huko wakakuta sehemu za mwamba zenye upungufu mkubwa zaidi, pamoja na mabaki ya elementi zinazopatikana pale tu kiini cha urani kinapopasuka. Urani-235 iliyokosekana ilikuwa imetumika. Takriban miaka bilioni 2 iliyopita, mwamba ule ulifanya kazi kama kinu cha nyuklia, bila mtu yeyote kuujenga.

Swali kwa darasa: kwa nini wakati ule, na kwa nini si sasa? Wanapewa nusumaisha mbili tu, miaka milioni 704 ya urani-235 na bilioni 4.47 ya urani-238, kisha wanarudi nyuma. Katika miaka bilioni 2 urani-235 imepitia nusumaisha 2.84, kwa hiyo zamani ilikuwa nyingi kama mara 7.2. Urani-238 haijapitia hata nusu ya nusumaisha moja. Ilikuwa nyingi mara 1.36 tu. Weka 0.72 na 99.28 za leo, zidisha, tafuta asilimia. Wanapata karibu 3.7, kiwango kama cha mafuta yanayoingizwa kwenye vinu vingi vya kisasa, na maji ya kawaida yaliyopenya kwenye mwamba yalitosha kupunguza kasi ya nyutroni ili mfululizo wa mipasuko uendelee. Binti mmoja aliyemaliza kabla ya wenzake akauliza kama mwamba wa leo ungeweza kuwaka hivyo. Nikamwachia mwenzake wa dawati amjibu. Akamwonyesha kidole kwenye 0.72 waliyoanza nayo: kwa kiasi hicho maji ya kawaida yanameza nyutroni nyingi mno, moto haushiki, na ndiyo sababu nchi zinatumia mitambo mikubwa kurutubisha urani, yaani kuongeza kiwango cha urani-235, kabla ya kuitia kwenye vinu vya aina hiyo.